Namna Kipokezi cha Homoni Kinavyoishika DNA: Mwongozo Kamili wa Kuzisoma Herufi kwa Kalamu na Karatasi

Mwanafunzi wa biolojia akiulizwa homoni inafanyaje kazi ndani ya seli, mara nyingi hutoa jibu la sentensi moja: homoni inaingia, inaungana na kipokezi chake, jeni inawaka. Sentensi hiyo si ya uongo, ila imeliruka jambo lenyewe. Haielezi kwa nini estrojeni iiamshe jeni hii na kuiacha ile iliyo jirani yake, wala kwa nini kotisoli na estrojeni, ambazo maumbo yake yanakaribiana sana, zifanye kazi zilizo mbalimbali kabisa. Jibu liko pale ambapo kipokezi kinakutana na DNA, na mahali hapo panasomeka kwa herufi A, C, G na T, yaani besi zinazounda DNA. Mwongozo huu ni kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha sita na wa vyuo vya afya wa Unguja na Pemba, pamoja na walimu wao, ili waweze kuzisoma herufi hizo wenyewe hata pale ambapo skuli haina maabara ya molekuli.

Andaa karatasi ya grafu, rula, kalamu za rangi mbili, nyuzi mbili nyekundu za kushonea, na kipande cha kamba nene ya makumbi, ile inayosokotwa na kina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja. Kamba iwe imesokotwa vizuri ili mizunguko yake ionekane, kwa sababu itatumika katika hatua ya tano.

Hatua ya kwanza: hakikisha homoni yako ni ya kundi hili

Si kila homoni inafika kwenye DNA kwa njia hii. Insulini, glukagoni na adrenalini hupokewa kwenye utando wa nje wa seli, na ujumbe wake hupitishwa ndani kwa mfululizo wa protini nyingine. Kundi linalotuhusu ni la homoni ndogo zinazoyeyuka katika mafuta: kotisoli, aldosteroni, estrojeni, projesteroni na testosteroni, homoni za tezi dundumio, vitamini D baada ya kubadilishwa na ini na figo, na asidi ya retinoiki inayotokana na vitamini A. Vipokezi vyake vyote ni vya ukoo mmoja wa protini, na mwili wa binadamu una jeni 48 za ukoo huo, ingawa baadhi ya vipokezi hivyo havijajulikana homoni yake.

Kwa wanaopenda kujua jambo lilikotoka, Elwood Jensen wa Chuo Kikuu cha Chicago ndiye aliyeonesha, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwamba estrojeni inashikwa na protini maalumu katika viungo vinavyoiitikia. Jeni ya kipokezi cha kotisoli ilipatikana mwaka 1985 katika maabara ya Ronald Evans huko California, na mwaka uliofuata ikapatikana ya kipokezi cha estrojeni, miongoni mwa waliofanya kazi hiyo akiwa Pierre Chambon wa Ufaransa. Watu hao watatu walitunukiwa pamoja tuzo ya Lasker, ya utafiti wa tiba, mwaka 2004.

Hatua ya pili: jua kipokezi kinasubiri wapi

Kipokezi cha kotisoli hukaa nje ya kiini cha seli, kimeshikwa na protini za ulinzi ikiwemo HSP90, na huingia ndani ya kiini baada ya kuipata homoni. Kipokezi cha estrojeni kwa kawaida kimo tayari ndani ya kiini. Kipokezi cha homoni ya tezi dundumio kimekwenda mbali zaidi, kwani hukaa juu ya DNA yenyewe hata kabla homoni haijafika, na tabia hiyo ina matokeo makubwa tutakayoyaona katika hatua ya saba. Andika jambo hili pembeni mwa karatasi yako kabla hujaendelea.

Hatua ya tatu: chora kipokezi kwa sehemu zake

Chora mstari mrefu na uugawe. Mwanzoni kuna sehemu isiyo na umbo maalumu, ambayo husaidia kuziamsha jeni. Katikati kuna sehemu fupi ya amino asidi takriban 70, nayo ndiyo inayoishika DNA. Hufuatiwa na kiungo chenye kunyumbuka, kisha sehemu kubwa ya mwisho ambayo ina mfuko wa kuiweka homoni na pia hukisaidia kipokezi kuungana na mwenzake.

Sehemu ya katikati ndiyo ya kukaa nayo zaidi. Ina mikunjo miwili inayoitwa vidole vya zinki, na kila mkunjo umeshikiliwa na atomu moja ya zinki iliyobanwa na amino asidi nne za aina ya sisteini. Ukiiondoa zinki, mkunjo unafumuka na uwezo wa kuishika DNA unapotea. Pemba ina historia yake na madini haya, kwani utafiti mkubwa wa kuwapa watoto wadogo zinki ulifanyika kisiwani humo na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2007. Hata hivyo, mwanafunzi asikimbilie kudai kwamba vidonge vya zinki anavyopewa mtoto mwenye kuharisha vinafanya kazi kwa kuvitengeneza vidole hivi. Zinki imo katika mamia ya protini za mwili, na dai kama hilo linahitaji ushahidi wake peke yake.

Uzito wa vidole hivi unaonekana kwa watoto wanaozaliwa na aina adimu ya matege ambayo haiponi kwa dozi za kawaida za vitamini D. Mwaka 1988 ilibainika kwamba baadhi yao wana kosa la herufi moja tu katika jeni ya kipokezi cha vitamini D, na kosa hilo liko ndani ya kidole cha zinki. Homoni ipo, kipokezi kipo na kinaishika homoni, lakini hakiwezi kuishika DNA sawasawa.

Hatua ya nne: zijue herufi sita

DNA ina mifuo miwili inayozunguka pamoja nayo, mmoja mpana na mmoja mwembamba. Kidole cha kwanza kina kipande kilichojisokota ambacho huingia katika mfuo mpana na kuzigusa pembe za besi bila ya kuzitenganisha nyuzi mbili. Hivyo kipokezi huzisoma herufi kwa kuzigusa kutoka nje, na DNA inabaki imefungwa kama ilivyo.

Kuna maneno mawili ya herufi sita unayopaswa kuyahifadhi:

AGAACA husomwa na vipokezi vya kotisoli, aldosteroni, projesteroni na testosteroni.

AGGTCA husomwa na vipokezi vya estrojeni, homoni ya tezi dundumio, vitamini D na asidi ya retinoiki.

Yaandike moja chini ya jingine. Utaona kwamba yanatofautiana katika herufi ya tatu na ya nne tu. Kwa upande wa kipokezi nako tofauti ni ndogo vilevile. Kwenye shina la kidole cha kwanza, kipokezi cha kotisoli kina glisini, serini na valini, ilhali cha estrojeni kina asidi ya glutamiki, glisini na alanini mahali hapohapo. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionesha kwamba kubadilisha amino asidi hizo tatu kunatosha kukifanya kipokezi kimoja kisome neno la mwenzake. Kwangu mimi hili ndilo jambo la kustaajabisha kuliko yote katika somo hili: tofauti kati ya amri ya kotisoli na amri ya estrojeni, kwa upande wa usomaji, imebebwa na amino asidi tatu katika protini yenye mamia yake.

Hatua ya tano: soma mwelekeo na nafasi

Vipokezi vingi vya ukoo huu hufanya kazi wawiliwawili, kwa hiyo neno la herufi sita huonekana mara mbili. Jozi ya maneno hayo huitwa eneo la mwitikio. Chukua karatasi ya grafu uandike mfululizo huu, herufi moja kwa kila chumba, ukianzia kushoto na ncha ya 5′, yaani ncha ambako usomaji wa uzi huanzia:

CTAGCAGGTCACAGTGACCTGCATTC

Chini yake andika uzi wa pili kwa kanuni ya A na T, C na G:

GATCGTCCAGTGTCACTGGACGTAAG

Sasa tafuta AGGTCA katika uzi wa juu kutoka kushoto kwenda kulia. Utaipata kuanzia herufi ya 6 hadi ya 11. Ichoree mshale wa rangi ya kwanza unaoelekea kulia. Kisha usome uzi wa chini kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa ncha yake ya 5′ iko kulia. Utaikuta AGGTCA nyingine chini ya herufi za 20 hadi 15. Ichoree mshale wa rangi ya pili unaoelekea kushoto. Mishale miwili inatazamana, na baina yake kuna herufi tatu, CAG. Hilo ni eneo la mwitikio wa estrojeni lililo kamili. Herufi zake 15 za katikati nimezichukua kutoka katika jeni halisi ya chura wa Afrika, Xenopus laevis, inayotengeneza protini ya kiini cha yai ndani ya ini kwa amri ya estrojeni.

Wanaoanza hukosea hapa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu huusoma uzi wa chini kutoka kushoto na kudai kwamba hakuna neno la pili. Njia ya mkato ni kukumbuka kwamba AGGTCA iliyo katika uzi wa chini huonekana kama TGACCT katika uzi wa juu, na AGAACA huonekana kama TGTTCT. Kwa hiyo AGAACAGTTTGTTCT ni eneo la mwitikio wa kotisoli, lenye mishale inayotazamana na herufi tatu za katikati.

Kwa nini tatu? Ichukue kamba ya makumbi. Mzunguko mmoja wa DNA una herufi takriban 10 na nusu. Hesabu mzunguko mmoja wa kamba yako kuwa herufi 10. Funga uzi mwekundu katikati ya neno la kwanza. Katikati ya neno la pili iko herufi 9 mbele ikiwa nafasi ni ya herufi tatu, yaani karibu mzunguko mzima. Funga uzi mwingine hapo. Utaviona vifundo vyote viwili viko upande mmoja wa kamba, vinakutazama. Ongeza herufi tano uone: kifundo cha pili kinakwenda upande wa nyuma, na kipokezi kilichokaa huko hakiwezi tena kushikana na mwenzake kama inavyotakiwa. Hata herufi moja ina gharama yake, kwani humsogeza kipokezi wa pili mbele kwa nanomita 0.34 na kumzungusha kwa takriban digrii 35. Mwaka 1991 ilipochapishwa picha ya kwanza ya sehemu ya kipokezi cha kotisoli ikiwa juu ya DNA, DNA iliyotumika ilikuwa na nafasi ya herufi nne badala ya tatu. Kipokezi kimoja kilikaa juu ya herufi zake sawasawa, na mwenzake, kwa kuwa wameshikana na umbali wao hauongezeki, akaangukia herufi zisizo zake.

Vipokezi vya vitamini D, tezi dundumio na asidi ya retinoiki vina utaratibu mwingine. Kila kimoja huungana na mshirika wa pamoja anayeitwa RXR, na mishale yao haitazamani bali yote huelekea upande mmoja. Kinachowatenganisha ni idadi ya herufi za katikati: tatu kwa vitamini D, nne kwa homoni ya tezi dundumio, tano kwa asidi ya retinoiki. Kanuni hii ya tatu, nne, tano ilitangazwa mwaka 1991. Jaribu AGGTCACAGGAGGTCA. Mshale wa kwanza unaelekea kulia, wa pili unaelekea kulia, na katikati kuna CAGG, herufi nne. Basi hapo pana kipokezi cha tezi dundumio pamoja na RXR.

Hatua ya sita: pima kama ulichokipata kina maana

Neno la herufi sita hujitokeza kwa bahati tu mara moja katika kila herufi 4,096, kwa sababu kila nafasi ina chaguo nne. DNA ya binadamu ina herufi takriban bilioni tatu, kwa hiyo neno moja peke yake litaonekana mamia ya maelfu ya mara bila ya kumaanisha chochote. Maneno mawili yanayotazamana, yenye herufi 12 zilizokwisha kupangwa, hutarajiwa kwa bahati mara moja katika herufi 16,777,216, yaani pungufu ya mara 200 katika DNA nzima. Hesabu hii, ingawa inachukulia kwamba herufi zote nne zina wingi sawa, inamwonesha mwanafunzi kwa nini vipokezi hukaa wawiliwawili.

Lakini maeneo halisi mara nyingi hayakukamilika. Jeni ya TFF1 ya binadamu, inayoitikia estrojeni katika seli za saratani ya matiti, ina GGTCACGGTGGCC. Linganisha na GGTCA, herufi tatu, TGACC: upande wa pili una G mahali palipopaswa kuwa na A. Kipokezi hukaa hapo kwa nguvu pungufu kidogo, na jeni inaitikia hata hivyo. Kwa hiyo usilitupe eneo lenye kosa la herufi moja au mbili. Liandike na uoneshe kosa liko wapi.

Hatua ya saba: uliza ni nani amekuja na kipokezi

Kuishika DNA hakutoshi kuiwasha jeni. Homoni ikiingia katika mfuko wake, kipande cha mwisho cha kipokezi, yaani msokoto wa 12, hujikunja na kuufunika mfuko huo, na kwa kufanya hivyo hutengeneza mahali pa kukaa protini saidizi. Hizo huleta vimeng'enya vinavyobandika vikundi vya asetili kwenye histoni, yaani protini ambazo DNA huzizunguka, DNA iliyokuwa imebanwa ikalegea, na RNA polimerasi ikapata nafasi ya kuinakili jeni. Dawa ya tamoksifeni wanayopewa wagonjwa wa saratani ya matiti huingia katika mfuko uleule wa estrojeni, lakini huusukuma msokoto wa 12 ukakae mahali pa protini saidizi. Picha ya tukio hilo ilichapishwa mwaka 1998. Kipokezi kinabaki juu ya DNA, kimezisoma herufi sawasawa, na jeni hailetewi wasaidizi wake.

Sasa rudi kwenye kipokezi cha tezi dundumio, kinachokaa juu ya DNA bila ya homoni. Wakati huo hushikana na protini zuizi, ambazo huleta kimeng'enya cha kuvibandua vikundi vya asetili, na jeni inafungwa kwa makusudi. Homoni ikija, wazuiaji huondoka na wasaidizi wakaingia. Maana yake ni kwamba kukosa homoni hii ni kubaki na zuio. Panya walioondolewa vipokezi vyote vya tezi dundumio huwa na hali nafuu kuliko panya wenye vipokezi lakini wasio na homoni.

Kwa visiwa vyetu jambo hili si la kinadharia. Homoni ya tezi dundumio hutengenezwa kwa iodini, ambayo sisi huiita madini joto: T4 ina atomu nne zake na T3, inayoshikwa na kipokezi kwa nguvu zaidi, ina tatu. Wengi hudhani kwamba mla samaki na chumvi ya pwani hawezi kupungukiwa. Ukweli ni kwamba chumvi inayokaushwa juani kutokana na maji ya bahari hubakiwa na iodini kidogo mno, na ndiyo sababu lazima iongezwe, ikiwemo ile inayozalishwa Pemba. Rovu linaloonekana shingoni ni dalili ya nje. Mtoto aliye tumboni mwa mama aliyepungukiwa anaweza kuwa na jeni za ubongo zilizoachwa katika zuio wakati ambapo zilipaswa kufunguliwa.

Hatua ya nane: taja seli na taja muda

Maeneo ya mwitikio ni yaleyale katika seli zote za mtu mmoja, kwa kuwa DNA ni ileile. Kinachobadilika ni kipokezi kipi kipo na ni sehemu zipi za DNA zilizo wazi. Maeneo mengi yanayokaliwa na kipokezi cha kotisoli yalikuwa yamekwisha kufunguliwa na protini nyingine kabla hakijafika. Katika figo, kipokezi cha aldosteroni kingeweza pia kuishika kotisoli, lakini seli zina kimeng'enya kinachoigeuza kotisoli kuwa kotisoni, nayo haikiamshi kipokezi hicho.

Kuhusu muda, kipokezi kimoja kimoja hukaa juu ya DNA kwa sekunde tu na kupishana na wengine, ilhali matokeo yake huchukua saa nyingi, kwa sababu RNA na protini lazima zitengenezwe kwanza. Mama anapotarajiwa kujifungua kabla ya wakati huchomwa deksamethasoni, ambayo hukitumia kipokezi cha kotisoli kuyakomaza mapafu ya mtoto. Njia hii ilianza kwa jaribio la Liggins na Howie huko New Zealand, lililochapishwa mwaka 1972. Faida yake kamili hutarajiwa baada ya saa 24 hivi, na mkunga anayejua sababu ya saa hizo ataelewa kwa nini sindano isicheleweshwe.

Mipaka ya njia hii

Usipoliona neno lolote karibu na jeni, usiandike kwamba homoni haiihusu. Eneo la mwitikio linaweza kuwa maelfu ya herufi mbali na jeni inayoamriwa, kwani DNA hujikunja na kuwakutanisha walio mbali. Tena, kipokezi cha kotisoli huzizuia baadhi ya jeni za uvimbe (inflamesheni) kwa kuzishika protini nyingine zilizo juu ya DNA, bila ya kuhitaji herufi zake, na sehemu ya nguvu ya dawa ya predinisoloni dhidi ya uvimbe inatokana na njia hiyo. Kwa hivyo jibu lako daftarini liwe na vitu vitano: neno lililopatikana, mwelekeo wa mishale, idadi ya herufi za katikati, makosa yaliyomo, na seli unayoizungumzia. Uthibitisho wa kwamba kipokezi kinakaa hapo kweli hufanywa maabara, kwa kukinasa kipokezi kwa kingamwili pamoja na kipande cha DNA kilichoshikamana nacho, kisha kuzisoma herufi za kipande hicho na kuzilinganisha na mishale uliyoichora.